Madame Pubele na mashua ya mawe ishirini

Yaya wangu Mwavita, dada yangu mukubwa, anafundisha darasa la tatu kwenye shule moja ya Mutanga Sud, hapa Bujumbura, na watoto wote wanamuita Madame Pubele, yaani Bibi Pipa la Takataka. Ilianza siku alipanda mutaa wa Kiriri kuokota makarto, yaani maboksi, nyuma ya nyumba za wakubwa. Zamu mumoja, mulinzi wa nyumba, akamukuta kichwa chote kiko ndani ya pubele, miguu tu ndo inaonekana. Mutoto wa darasa lake alikuwa anapita na mama yake, akaona yote. Kesho yake shule muzima inajua. Mi, mudogo wake, nilipaswa kumutetea. Lile jina nikaliweka kwenye WhatsApp ya famille.

Lakini ile takataka ni ya kazi. Kila Ijumaa anamwaga mezani makarto, chupa za plastiki, sandali za zamani, vipande vya mipira ya ndani ya baiskeli, anawaambia watoto wajenge kitu. Halafu anaweka mikono nyuma ya mugongo. Hagusi, hata walie. Ndo sheria yake.

Wazazi wakalalamika: tunatuma mutoto kusoma, anarudi ananuka karto. Basi Directeur wa shule, Sébastien, akamupa Jumamosi moja tu. Mbele ya wazazi, watoto watengeneze mashua ya kubeba mawe ishirini kwenye beseni. Ikizama, hiyo somo imekwisha.

Watoto wakagundisha karto na uji wa unga wa muhogo, vile wanagundishaga makaye, madaftari yao, nyumbani. Ikakauka, ngumu, muzuri. Kuiweka kwa maji, dakika mbili, uji ukarudi kuwa uji. Mashua ikafunguka kama chapati ndani ya chai. Wazazi wakacheka. Mama mumoja akachukua sakoshi yake, mukoba wa mukononi, anataka kuenda.

Mi niko nyuma, namufanyia alama: saidia, we, utapoteza somo. Yeye apana. Nikaona tu vile vidole vinabanana kule mugongoni.

Ndo Gaëlle, miaka nane, baba yake anabebaga mizigo bandarini, akasema polepole, "Tuache kugundisha. Tufunge."

Wakakamata chupa nne, wakazikaza na ile mipira, vile watu wanafungaga magunia kwenye baiskeli. Karto ikabaki ya juu tu. Ilyasi, mwenzake wa darasa, akaanza kupanga mawe upande mumoja, mashua ikalala. Gaëlle akamupiga mukono.

"Ya kubwa katikati kwanza. We haujaonaga boti ya Kigoma?"

Kumi. Kumi na tano. Ishirini. Directeur mwenyewe akainama, akaongeza la ishirini na moja. Mashua ikakaa pale, imetulia kabisa. Akasema somo inabaki, na darasa la nne nao waanze.

Yule mama wa sakoshi akaniuliza Madame ametoka wapi na akili ile. Nikamuambia ni yaya wangu, tumbo moja, mi nilibaki tu na uzuri. Akaniangalia, hakuamini hata kimoja.

Na we? Nani alikuachia ukosee mbele ya watu mpaka ukapata mwenyewe? Tuandikie hapo chini. Kama iko na aibu ndani, hiyo ndo naanza kusoma.