Mifereji Niliyomkataza Mama Kuifunga

Mama alikuja kwangu Wheaton, huku Marekani, alipomaliza eda ya baba, na mimi nilikwishajiapiza kwamba harudi tena Mombasa kukaa peke yake. Yeye alisema ataangalia kwanza. Nikaona miezi mitatu ya baridi itanitosha kumbembeleza.

Theluji ilipoganda mlangoni, jirani aliniambia niache mifereji idondoshe maji kidogo kidogo mchana na usiku, maji yanayotembea hayagandi upesi. Nikaiachia ya jikoni na ya bafuni. Mama akashika kifua. Huyu ni mtu aliyelea watoto sita kwa maji ya mitungi, anatawadha kwa kopo moja na bado anabakisha.

"Mwanangu, maji yamwagika bure nawe watazama? Hii si israfu?"

"Usiiguse, mama. Tafadhali."

Nikaenda zangu kazini Arlington. Niliporudi alasiri nilifungua mlango wa ngazi ya kushukia chumba cha chini, anacholala yeye, nikasikia maji. Dari imeanguka juu ya kitanda chake, viatu vinaelea, ukuta unatema maji. Nikakimbilia valvu kuu nikaifunga. Mama alikuwa jikoni juu ya msala, ndiyo kwanza anatoa salamu, hana habari. Mifereji yote kaifunga, tena kaikaza.

Nilipiga kelele. Yote sitayaandika, ila hili moja nililisema: "Ujinga wako umenibomolea nyumba!" Kwa mama yangu mzazi. Nilijisikia nikilisema. Yeye aliteremka chini, akaanza kukamua mashuka yake.

Fundi wa mabomba, Mkongomani wa Annandale, alifika kabla ya magharibi. Alitoboa ukuta, akachungulia, akatoka nje. Akarudi ameshika mpira wa bustani uliokakamaa kwa barafu, akanionyesha.

"Ni huu, mama. Uliacha tuyau ku robinet ya inje baridi yote. Maji iliganda mule, ikapasula bomba mu ukuta. Robinet za ndani hazina makosa."

Mpira ule niliufunga mimi kwenye mfereji wa nje. Kiangazi chote nilikuwa naoshea miguu kabla ya kuingia ndani, kama tulivyolelewa, na haikunipitia hata siku moja kwamba unatakiwa kutolewa kabla ya baridi. Nilimtazama yule fundi kama aliyenizaba kofi.

Nikamfuata mama chumbani kwangu, nilikomhamishia, nikapiga magoti, nikamweleza yote na kumwomba radhi. Alinipa pale pale, akanishika kichwa na kunisomea dua. Nikapumua. Nikaanza kumwambia habari za dari mpya, na rangi atakayoichagua mwenyewe.

"Radhi nimekupa, mwanangu," akasema, akikunja leso zake mbili zilizosalimika. "Sasa nikatie tiketi."