Mstari wa Chaki

Juzi niliona picha ya rundo la nguo za watoto wa Kiyahudi waliouawa chini ya yule dikteta wa Ujerumani, nikanusa tena chumba cha ushonaji cha mama kule Bur Dubai: mvuke wa pasi, mafuta ya cherehani, udi wa jirani.

Alasiri moja Ami, ndugu yake baba, alikuwa akinywa chai huku akibishana na redio iliyokuwa ikimtaja dikteta huyo. "Mwenyewe hakuua Myahudi hata mmoja kwa mkono wake," alisema. "Walioua ni askari."

Nilikuwa mdogo, nikaona kasema kweli tupu.

Mezani palitandazwa kitambaa cheusi cha abaya ya mteja. Nilichukua chaki ya mama, nikachora mstari katikati, mchezo tu. Shangazi, aliyekuwa akimkatia mama vitambaa, aliporudi kutoka kuswali hakuuliza. Kwetu mkataji hufuata chaki. Mkasi ukapita mpaka mwisho.

"Mie sikushika mkasi!" nililia. "Kakata shangazi!"

Mama hakunipiga. Alinishika vidole vyangu vyeupe, akamwonyesha Ami.

"Umesikia? Keshajifunza kwako." Kisha akaniuliza polepole, "Na mstari kauchora nani?"

Ami aliweka kikombe chini, akaizima redio.

Nilidhani tunazungumzia abaya. Sasa najua amri ilikuwa ya yule dikteta, na waliomtii nao hawakuwa mikasi.

Kwenye picha kulikuwa na koti dogo, pindo lake limekunjwa pana, kama mama alivyotukunjia sisi, ili mtoto akirefuka lishushwe.

Halikushushwa.