Jina la Mtu Mmoja

Du. Mpira uligonga ukuta wa bati, na nyumba nzima ya duara ikalia kama sufuria iliyoanguka. Miaka mitatu imepita, lakini Amony akisimulia kisa hiki huanza na mlio huo, kwa kuwa siku ile ulikuwa mlio wa kwanza nyumbani mwake ambao hakuufanya yeye mwenyewe.

Aliishi peke yake katika kambi ya polisi, Bwera, magharibi mwa Uganda. Mume wake, Konstebo Ocen, alikuwa amepelekwa Mweya kulinda watalii. Alirudi mara moja kwa mwezi, akiwa amechoka hata kuongea. Kwao ni Kitgum, mbali kaskazini, na kambini hakubaki mwingine wa kusema naye Kiacholi. Wanawake wa kambi huitwa kwa majina ya watoto wao, naye Amony hakuwa na mtoto. Basi walimwita Muke ya Ocen, na siku nyingine hawakumwita kabisa.

Aliubeba mpira mikononi hadi uwanja wa shule nyuma ya kambi, ambako wanawake wa mjini walikuwa mazoezini. Wakacheka.

"Hapa tunatumia miguu, mama," alisema Edisa, mwalimu wao, muuza maharage wa soko la Mpondwe. "Weka chini, piga."

Akapiga kwa ncha ya kidole. Mpira ukaenda kwa mbuzi.

"Sasa mbuzi nayo iko na timu. Rudi kesho."

Akarudi. Edisa alimfundisha kuupokea mpira kwa upande wa ndani wa mguu, na kuulegeza mguu kidogo mpira unapofika, kama mtu anayepokea mtoto aliyelala. Alimfundisha kutazama nyuma ya bega kabla mpira haujaja. Zamani Amony alidhani soka ni watu wengi kukimbiza kitu kimoja. Sasa aliona kwamba muda mwingi mchezaji hana mpira. Anatafuta mahali patupu, ili mwenzake akiinua macho amkute hapo. Hilo halikumpa taabu. Mahali patupu alipazoea.

Taabu ni kwamba hakuna aliyempa pasi. Wiki sita alisimama wazi, na mpira ukapita kwenda kwa wengine, waliocheza pamoja tangu usichana. Jumamosi walikuwa na mechi mjini Kasese dhidi ya wakulima wa Munkunyu, na katika kikosi ilibaki nafasi moja. Amony aliitaka kuliko alivyotaka barua ya uhamisho ya kumrudisha Ocen kaskazini.

Alhamisi, kipa alipaza sauti: "Masika, nyuma!"

Wakonzo, wenyeji wa Bwera, huwapa watoto majina kwa kufuata zamu ya kuzaliwa, na Masika ni binti wa kwanza. Masika watatu wakakimbilia nyuma. Katikati pakabaki wazi, na shuti likapigwa kutoka hapo hapo. Bao.

"Nilisema Masika mukubwa."

"Sisi wote tuko wakubwa."

Edisa alishika kiuno, akamgeukia Amony. "Weye, jina yako ni nani?"

Wiki sita, na hakuwa ameuliza.

"Amony."

"Iko mwingine hapa?"

"Hayuko."

"Simama katikati. Kesho kutwa, mutu akibanwa, aite Amony."

Na kule Kasese walimwita. Walimwita kutoka pembeni, kutoka golini, wengine wakiwa hawana pumzi. Alipokea, akatazama, akatoa. Pasi yake moja ilipita kati ya mabeki wawili na Biira, mshambuliaji wao, akafunga. Hata hivyo Munkunyu walishinda, mawili kwa moja.

Wenzake walienda kunywa soda. Amony alibaki ameketi katikati ya uwanja. Edisa akamfuata, viatu mkononi.

"Twende, mama. Gari inangoja. Mazoezi hakuna mpaka mwezi kesho."

Amony hakunyanyuka. Alitazama nyasi.

"Niite jina kwanza," akasema, kwa sauti ya chini sana.