Mgonjwa Aliyejibu Upesi

Wenzake walimwita Shushushu, naye hakulikataa jina. Alikuwa nesi wa chumba cha uangalizi, walipokaa wagonjwa wa sonona kali wakishapuliziwa puani dawa mpya ya kuondoa huzuni hiyo nzito. Aliwapima presha, akawauliza kama kichwa kinaelea, wala hakumruhusu mtu kutoka mpaka akili imetulia. Dawa isiyo na ila, alikuwa akisema, ni kama mkwe asiye na ila: bado hujakaa naye.

Aliyemtia shaka zaidi ni fundi cherehani mmoja, mama mtu mzima, aliyekuja na mdogo wake wa kike. Mwanzoni aliletwa akiwa kama gogo, hali, haogi. Sasa alicheka na kushona tena. Lakini akiulizwa kuhusu maumivu, alijibu "sina" kabla swali halijaisha. Tena hakutulia kitini, kila mara chooni.

Shushushu alimshuku mdogo mtu na chupa yake ya chai, huenda mna kitu kinachanganywa na dawa. Akaomba kikombe, akanywa. Ilikuwa chai tu, tena imepoa. Basi siku hiyo akamfuata fundi hadi mlango wa choo, akasikia mtu anagugumia kwa uchungu.

"Dada, mkojo unakuuma tangu lini?" akamuuliza alipotoka.

Fundi akamshika mkono. "Usimwambie daktari, nesi. Watanikatia dawa, na kule nilikotoka sirudi."

Shushushu alikuwa amemwinda mwizi, kumbe ni mtu aliyejificha na maumivu yake. Angeweza kunyamaza, maana fundi alikuwa anaishi tena. Lakini wangapi wengine walikuwa wanameza kilio na kusema hawajambo?

Akamwambia daktari. Vipimo vikaonyesha kibofu kimevimba. Dozi zikapunguzwa na kutolewa kwa nafasi ndefu zaidi, na taarifa ikapelekwa kwa wanaofuatilia madhara ya dawa. Maumivu yakapungua. Huzuni nayo ikawa inachungulia siku mojamoja, ila cherehani haikunyamaza.

Kwa muda mrefu fundi alimpa Shushushu mkono wa kupimwa presha, uso akaugeuzia ukutani. Kisha asubuhi moja akasema, bila kuulizwa, "Leo inauma kidogo."

Shushushu akamshukuru. Moyoni alijiuliza hicho kidogo ni kidogo kiasi gani.