Chupa ya Sajini

Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, tukitoka Voi kwenda kilima cha Salaita, mimi sajini niliwakagua askari wangu chupa za maji. Ya Kombo ilikuwa nusu, nikamtukana mbele ya wenzake. Kisha nikaamuru: asinywe mtu kabla yangu. Koplo Mwakio, namtaja, aliniona alfajiri nikimaliza maji yangu kwa kunyoa ndevu nipendeze, nikasahau kujaza tena. Akanyamaza, na mpaka leo sijamsamehe.

Adhuhuri tulipumzika, midomo imepasuka. Nikainua chupa. Hata tone halimo.

"Kunywa, Bwana Sajini," Mwakio akasema. "Sisi twakungoja wewe."

Wote wakanitazama. Kombo akasogea, akaniwekea mkononi ile nusu yake.

"Kunywa tu, Bwana. Watu wana kiu."