Dafodili za Winifred

Ambrose alitengeneza mabasi miaka thelathini na nane, na mpaka leo hapendi kuona kitu kimelala ovyo. Bustani ilikuwa ya mkewe, Winifred. Kubwa, vijia vimepinda, na maua yanajiotea yanapotaka.

Aprili ile waliizunguka pamoja na vikombe vyao vya chai. Chini ya mitofaa Winifred akasimama. Kila mwaka palikuwa manjano tupu kwa maua ya dafodili. Sasa yalikuwa majani tu, hata ua moja hakuna.

"Nimezeeka mwenzio," alisema. "Nilidhani ni panya, kumbe ni mimi nisiyezitunza vizuri. Kesho nazing'oa zote, nitupe."

Zile dafodili zilitoka kwa mama mkwe wa Ambrose. Mei iliyopita, Winifred akiwa hospitali kwa ajili ya nyonga, Ambrose aliyafyeka kwa mashine majani ya dafodili yakiwa mabichi, ili mkewe akirudi akute pasafi. Jirani ndiye aliyemwambia baadaye kwamba majani huachwa yakauke yenyewe, maana ndiyo yanayolisha ua la mwakani.

"Usizing'oe, Win. Ni mimi. Niliyafyeka mabichi."

"Na mimi nimewatukana panya wa watu tangu Machi! Ulijua lini?"

"Juni."

"Juni!" Winifred akanyoosha mkono. "Nipe ufunguo wa banda la mashine ya kufyekea nyasi. Kuanzia leo nakaa nao mimi."

Akampa. Winifred akatangulia kurudi nyumbani, akichechemea kidogo, na Ambrose hakuthubutu kumshika mkono.