Umetia Maji?

Mume wangu ni fundi, na ubishi wake hauna dawa. Mashine yetu ya kusaga unga inaendeshwa na injini kuukuu ya dizeli, na ekzosi yake inaelekea shule ya chekechea. Watoto wakawa wanakohoa, macho yanawachoma, mwalimu akashtaki. Mkaguzi akaja na kipimo chake mara mbili, na mara zote mbili tukafeli. Akasema ya tatu ndiyo ya mwisho, tukifeli tunafungiwa. Na sisi kazi nyingine hatuna.

Hapo fundi wangu akaja na maajabu yake. Eti injini ipewe maji. Si kwenye dizeli, hayo yangeiua. Ni ukungu mwembamba tu uingie pamoja na hewa, upoze moto wa ndani, ule moshi unaochoma macho upungue. Akaning'iniza dumu la maji ukutani, akaunganisha mpira wa dripu aliopewa na dada yake muuguzi, mwisho wake akachomeka kichwa cha bomba la kupulizia dawa shambani. Majirani wakamwita Zimamoto. Hata mimi nilimcheka mpaka mbavu zikauma. Lakini wiki ya sita alinivuta nyuma kwenye ekzosi, nikasimama nikisubiri machozi. Hayakuja. Nilimkumbatia na grisi zake zote.

Siku ya mkaguzi tulihangaika tangu asubuhi. Yeye yuko chini anakaza mkanda, mimi nafagia. Akaniuliza, "Mama watoto, umetia maji?"

"Nimetia," nikamjibu.

Na kweli nilitia. Miaka kumi na mmoja kwenye chumba kile, kutia maji ni kutia kwenye rejeta ya kupozea injini, na niliijaza mpaka ikafurika. Dumu la ukutani wala halikunijia akilini.

Mkaguzi akaingiza kipimo. Mume wangu alikuwa anatabasamu, maskini, mpaka namba zilipopanda. Akatazama mpira. Mkavu. Akanitazama mimi, nikatamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye akamgeukia mkaguzi.

"Kosa langu," akasema. "Nimesahau maji."

Alimsihi apime tena, dakika tano tu. Mkaguzi akasema kanuni hairuhusu, akabandika karatasi yake mlangoni, akaenda zake. Nilimlaani yule mtu, lakini najilaani mimi zaidi.

Hajanigombeza hata siku moja. Bora angenitukana yakaisha. Sasa anabeba mizigo ya watu, na akirudi anajitupa kitini, koo limemkauka, ananiambia taratibu, "Nipe maji, mama watoto. Ya kunywa."